Kongosho linalovimba mara kwa mara: dawa za kolesteroli zinamfaa nani?

Katika kliniki za mfumo wa chakula, ombi hili sasa tunalisikia mara nyingi: "Daktari, nimesikia vidonge vya kolesteroli vinazuia kongosho lisivimbe tena. Niandikie na mimi." Anayeuliza huwa ameshalazwa zaidi ya mara moja. Anayajua maumivu yanayoanzia juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni, yanayomfanya mtu ashindwe kulala chali, akae ameinama mbele huku akitapika. Aliyepitia hayo yuko tayari kumeza chochote atakachoambiwa, na ndiyo maana anastahili kujibiwa kwa ukamilifu. Jibu lenyewe linategemea kitu kilicholivimbisha kongosho lake.

Mafuta yaliyomo kwenye damu si ya aina moja. Kolesteroli ikizidi hujenga utando ndani ya mishipa ya damu, na madhara yake makubwa ni shambulio la moyo na kiharusi. Trigliseridi ni mafuta ya akiba ya nishati; hupanda kwa vyakula vya mafuta, sukari, pombe, unene, na hasa kisukari kisichodhibitiwa. Mafuta yanayolichoma kongosho ni haya ya pili. Kiwango cha kawaida ni chini ya 150 mg/dL, yaani 1.7 mmol/L. Yakivuka 1,000 mg/dL, sawa na takriban 11.3 mmol/L, hatari inakuwa kubwa. Kimeng'enya cha kongosho huyavunja kuwa asidi za mafuta, na asidi hizo zikijaa huua chembe za kongosho lenyewe. Maabara huliona tatizo kabla hata mashine haijatoa namba: damu ikishatulia kwenye kichupa, maji ya juu ambayo kwa kawaida ni ya manjano yaliyo angavu yanakuwa meupe kama maziwa.

Statini, yaani atovastatini, simvastatini, rosuvastatini na ndugu zao, kazi yake kuu ni kushusha kolesteroli mbaya. Trigliseridi huzigusa kidogo tu. Mtu mwenye 2,000 mg/dL akipewa statini peke yake ataondoka na cheti cha dawa mkononi, lakini kongosho lake litabaki kwenye hatari ileile. Huyo anahitaji fibreti, yaani dawa za kushusha trigliseridi, kama fenofibreti, sukari yake idhibitiwe, pombe iachwe kabisa, na apunguze mafuta ya chakula kwelikweli. Hapa wengi hukosea kwa nia njema: wanaacha samli na kuhamia alizeti, wakidhani wamemaliza. Trigliseridi zikiwa juu kiasi hicho, kila aina ya mafuta inahesabiwa: alizeti, tui la nazi, karanga, hata parachichi. Soda na juisi zilizotiwa sukari nazo zinahesabiwa, kwa sababu ini hugeuza sukari ya ziada kuwa trigliseridi.

Basi habari ya statini kulinda kongosho imetoka wapi? Imetoka kwenye utafiti wa kweli. Mwaka 2012 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 16 ya statini, yenye washiriki 113,800, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 4 hivi. Waliovimba kongosho walikuwa 134 upande wa waliopewa statini na 175 upande wa wasiopewa. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa kusini mwa California, uliopitia kumbukumbu za mamilioni ya wagonjwa, ulikuta waliokuwa wakitumia simvastatini wanapata ugonjwa huu kwa uchache zaidi.

Zisome namba hizo za kwanza taratibu. Tofauti ni watu 41 kati ya zaidi ya laki moja. Wachambuzi wenyewe walikadiria kwamba ili kumwepusha mtu mmoja, itabidi watu 1,175 wanywe statini kwa miaka 5. Tena majaribio yale yalibuniwa kwa ajili ya moyo, na washiriki hawakuchaguliwa kwa sababu kongosho liliwahi kuwavimba. Kwa maoni yangu, matokeo hayo yanatupa amani ya kumpa statini mgonjwa wa kongosho anayeihitaji kwa ajili ya moyo au kisukari, hata kama zipo taarifa chache za mtu mmojammoja aliyevimba kongosho akiwa anaitumia. Hayatupi ruhusa ya kumwandikia kila aliyelazwa, halafu tukaacha kutafuta chanzo.

Na chanzo, mara nyingi zaidi, ni mawe ya kifuko cha nyongo au pombe. Jiwe dogo likiteleza na kukwama mahali njia ya nyongo na ya kongosho zinapokutana, ugonjwa unaanza. Kifuko kikiachwa na mawe yake, utarudi. Jaribio lililofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2015 lilihusu wagonjwa waliougua kwa kiwango hafifu kwa sababu ya mawe. Waliotolewa kifuko kabla ya kuruhusiwa, matatizo ya mawe yaliyowarudisha hospitali, au kuwaua, yaliwapata asilimia 5. Walioambiwa warudi baadaye, asilimia 17. Sijui kidonge chochote cha kolesteroli kinachofikia faida hiyo kwa mgonjwa wa mawe. Fibreti nazo zinaweza kuongeza mawe, hivyo mwenye mawe asizianze bila daktari kujua.

Kwa pombe, watafiti wa Finland walionyesha jambo ambalo natamani kila wodi ilifanye. Wagonjwa wote walipewa ushauri wakiwa wodini, lakini kundi moja liliitwa tena kila baada ya miezi 6 kwa miaka 2 kuzungumza na muuguzi. Katika kundi hilo asilimia 8 waliugua tena, na katika lile lililoshauriwa mara moja tu, asilimia 21. Dawa yao ilikuwa mazungumzo yaliyorudiwa.

Statini zina faida zake, lakini haziendi na kila dawa. Simvastatini haichanganywi na dawa za VVU zenye ritonaviri, wala na antibiotiki za klarithromaisini au erithromaisini. Kiwango chake kwenye damu hupanda na misuli huanza kuharibika. Jemfibrozili, ambayo ni fibreti, pamoja na simvastatini nayo ni hatari hiyohiyo. Misuli ikiuma mwili mzima bila sababu, au mkojo ukiwa wa kahawia, acha kidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito, au anayepanga kubeba mimba, amwambie daktari kabla ya kuanza.

Wapo wachache wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayowafanya washindwe kuvunja trigliseridi, na fibreti haziwasaidii sana. Kwa ajili yao, Desemba 2024 Marekani iliidhinisha olezarseni, sindano ya mara moja kwa mwezi. Mtoto au kijana akivimba kongosho bila mawe na bila pombe, pimeni trigliseridi zake, na za ndugu zake pia.

Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, uliza mambo mawili na uombe yaandikwe kwenye karatasi yako: ultrasaundi ya kifuko cha nyongo ilionyesha nini, na trigliseridi zako zilikuwa ngapi siku uliyofika. Namba ya siku ya kwanza ndiyo muhimu, kwa kuwa baada ya kukaa siku chache bila kula zinashuka zenyewe, na kipimo cha mwishoni kinaweza kuonekana salama. Kama unatumia statini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kwa hofu ya kongosho. Muone kwanza aliyekuandikia. Na maumivu yale yakirudi, usingojee asubuhi.