Nosiseta: moto usiounguza

Wiki iliyopita kwetu Nkuhungu, Dodoma, mpwa wangu alitafuna pilipili kichaa akidhani ni nyanya changa. Akarukaruka uani, ulimi nje: "Mjomba, naungua!" Akabugia maji kikombe kizima, bado analia. Kipande alichotema, kuku wa mama akakidonoa, akameza, akaendelea kuparua vumbi.

Ulimi wa mtoto haukuwa na lengelenge hata moja. Aliungua wapi basi?

Kwenye ngozi na ulimi zimeishia neva nyembamba ambazo kazi yake ni kutoa taarifa ya kitu kinachoweza kudhuru mwili. Hizo ndizo nosiseta. Kwenye utando wake kuna protini iliyokaa kama mlango. Joto likifika kama nyuzi 43 za Selsiasi, mlango unafunguka, chumvichumvi zenye umeme zinaingia, na habari inakimbia hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Huko California, mwanasayansi David Julius na wenzake walikuwa wakitafuta kinachopokea kapsaisini, yaani ule ukali wa pilipili. Wakaviingiza vipande vya DNA, mamilioni, kwenye seli zisizojali pilipili, wasubiri ipi itashtuka. Mwaka 1997 wakaupata mlango, kumbe ni uleule wa joto. Baadaye ukaitwa TRPV1. Mwaka 2021 Julius akapata Nobeli pamoja na mtafiti mwingine, Ardem Patapoutian.

Mimi hapo hucheka kidogo. Pilipili inawasha, moto tunauwasha. Sisi neno tulikuwa nalo zamani.

Kuku naye anao mlango huo, ila wake haushikwi na kapsaisini. Ndege hula pilipili na kwenda kuzidondosha mbegu mbali. Na maji hayasaidii kwa sababu kapsaisini haiyeyuki humo, huyeyuka kwenye mafuta. Mama alileta maziwa mgando, kilio kikapungua.

Ila nosiseta haibebi maumivu. Inabeba habari tu. Maumivu hutengenezwa na ubongo. Ndiyo maana mchezaji anaweza kuumia uwanjani akajijua filimbi ya mwisho ikishalia, na aliyekatwa mguu akalalamika kwamba vidole vya mguu huo vinamuuma. Kiswahili chetu hapa kinapotosha: tunasema "kidole kinaniuma", kana kwamba kidole kina meno.

Kampuni za dawa ziliona njia ya mkato: fungeni mlango, maumivu yaishe. Kwenye majaribio, baadhi ya waliopewa dawa hizo joto la mwili lilipanda, na wengine wakapungukiwa na uwezo wa kutambua maji ya moto. Mlango huo una kazi nyingine pia.

Mpwa wangu alipotulia nikampa chai iliyokwisha kupoa. Akaisukuma. "Inaunguza!" Nikaionja: vuguvugu. Kapsaisini ilikuwa bado mlangoni, na mlango ukishaguswa hivyo hausubiri tena nyuzi 43.