Nyenzo ya kuchorea: ni zaidi ya rangi na brashi

Anayechora kwa kujifurahisha pale Lamu kwa kawaida huanza na penseli na daftari la shule: punda, mlango wa nakshi, jahazi lililotia nanga. Akitamani rangi hununua kisanduku cha rangi za maji, na karatasi yote hukunjamana. Watu husema hana mkono wa rangi. Si kweli, amebadilisha nyenzo nusu tu.

Nyenzo ni kile kinachoacha alama, pamoja na kinachokishikiza na mahali kinapokaa. Unga wa rangi unaweza kuwa ule ule. Tofauti huletwa na kiunganishi, yaani kile kinachoushika unga huo. Rangi ya maji hushikwa na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, rangi ya mafuta na mafuta ya mbegu za kitani, akriliki na plastiki iliyo ndani ya maji, ambayo ikishakauka hailainiki tena kwa maji. Penseli ni grafiti na udongo, mchanganyiko ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hataza mwaka 1795: udongo ukizidi, kijiti cha ndani huwa kigumu (alama H kwenye penseli), ukipungua, huwa laini na cheusi (alama B). Mkaa wa vijiti vilivyochomwa hauna gundi kabisa, ndiyo maana upepo wa kusi na kiganja chako huufuta. (Wa jikoni usiutumie, una vibonge vinavyokwaruza.)

Kubadilisha nyenzo ni kubadilisha mpangilio wa kazi. Chukua ukuta wa chokaa wa Mji wa Kale saa sita mchana. Kwa rangi ya maji, weupe ni karatasi yenyewe, hivyo ukuta huupaki chochote. Unapaka kivuli chembamba chini ya boriti, giza la mlangoni, labda rangi ya udongo pale lipu ilipobanduka matumbawe yakaonekana, na ukuta unajitokeza wenyewe. Ukishaufunika, kuurudisha ni shida. Kwa akriliki au mafuta unaweza kuanza na giza, mwanga ukauweka mwishoni kwa rangi nyeupe nzito. Aliyezoea penseli tayari anajua kuacha karatasi ing'ae, kwa hiyo rangi ya maji iko karibu naye kuliko anavyodhani.

Kwangu mimi, karatasi nzuri hutangulia rangi nzuri. Ya kuchapishia huwa na gramu 80 kwa mita ya mraba. Ya rangi za maji, tafuta ya gramu 300. Na hali ya hewa ina sauti yake: masika, rangi ya maji hukawia kukauka, na ukipaka tabaka la pili mapema unapata tope. Kiangazi penye upepo, akriliki hukaukia kwenye sahani kabla hujamaliza tanga.

Mafuta ningeyaacha mwisho, si kwa ugumu bali kwa nafasi. Picha hubaki mbichi kwa siku nyingi, na paka wa Lamu hawabishi hodi.