Mtumwa na mtume ni ndugu

Asubuhi moja pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mama muuza dagaa alimwambia kijana aliyekuwa akipakia magunia: "Mdogo wangu, hebu nifuatie chai kwa mama ntilie." Kijana hata hakugeuka. "Mama, mimi si mtumwa wako." Mama akacheka: "Nimekutuma, sijakununua!"

Mimi nafundisha Kiswahili na kufasiri maandishi, basi nikasahau hata bei ya dagaa niliyokuwa naulizia. Maana wote wawili walikuwa sahihi. Mtumwa, ukilipasua neno, ni mtu aliyetumwa, basi. Mzizi ni ule ule wa tuma, ukaongezewa -w- ya kutendwa. Ndani ya neno hamna mnyororo, hamna mnada, hamna bei.

Sasa chukua mtume. Kile kiishio -e ndicho kilichomo kwenye mteule, yaani aliyeteuliwa, na kiumbe, kilichoumbwa. Kwa hiyo mtume naye ni aliyetumwa! Tofauti yake na mtumwa ni kiishio tu, lakini mmoja tunamsikiliza kwa heshima, mwingine aliuzwa. Mtumishi yuko jirani: ametoka kwenye tumika, k ikageuka sh kama ilivyogeuka pika ikazaa mpishi.

Fungua Warumi 1:1 katika Biblia ya Kiswahili: "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Kwa Kigiriki hapo kuna doulos na apostolos. La pili limetokana na kutuma. La kwanza halihusiani nalo kabisa. Paulo aliandika maneno mawili yasiyo na undugu, yalipofika kwetu yakawa mapacha. Kila ninapoufikia mstari huo darasani hunibidi nisimame kidogo, na wanafunzi wameshanizoea.

Lugha za huku ziwani hazikuyachanganya. Msukuma husema kutuma kama sisi, ila mtumwa kwake ni nsese, wengi basese. Muganda ng'ambo ya ziwa ana omutume kwa mtume, lakini mtumwa ni omuddu. Kwa hiyo kumtaja mtumwa kwa kutumwa kwake si jambo la Kibantu chote. Mimi naona hapo nyumba ya pwani: mwungwana ndiye anayetuma, na anayetumwa bila uwezo wa kukataa ndiye mtumwa. Neno halikusema amenunuliwa wala ametekwa (huyo ni mateka, ana neno lake). Lilitaja kazi yake ya kila siku, likanyamazia namna alivyofika pale.

Na namna hiyo tunaijua. Watu wa kanda hii walitembezwa hadi Tabora, kisha Bagamoyo, wakavushwa Unguja. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Huku Tanganyika utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wameshatawala na kuondoka bila kuufuta. Sheria yetu ya mwaka 2008 haikulitumia neno la zamani kwenye jina lake, inasema biashara haramu ya binadamu. Kama mfasiri nakubaliana nayo. Mtumwa limeshazoeleka mno midomoni. Tunaambiana tu watumwa wa simu, watumwa wa mpira, na hakuna anayeshtuka.

Ila kuna tamko moja ambalo sijalipatia dawa. Juzi jirani yangu alinisimamisha getini, mtu mwema, wa kuazimana naye chumvi. Amejifungua, anataka msaada wa nyumbani, anajua nina ndugu Ukerewe. "Mwalimu," akasema, "huko kwenu hakuna kabinti kadogo kadogo, ka kutumwatumwa?"

Nikamuuliza kabinti hako kangelipwa shilingi ngapi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo geni. "Si kangekula hapa hapa?"