Mdundo wa utotoni na kazi ya kamera: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Asiyejua kupiga chombo hana alichovuna kwenye muziki wa utotoni.

Mtoto wa Bagamoyo aliyefuata ngoma ya mdundiko mtaa kwa mtaa amejifunza kulitegea pigo, na mpiga picha anahitaji hilo kuliko noti. Ngoma ya mapigo 120 kwa dakika huacha nusu sekunde tu kati ya pigo na pigo. Jicho likiona, kidole huchelewa karibu robo sekunde, kwa hiyo anayengoja aone mguu uko juu atapiga ukishashuka. Anayeujua mdundo hubonyeza mapema.

Zoezi lake: simama kando ya ngoma dakika 5 bila kamera, gonga paja. Kisha piga picha moja moja, si mfululizo. Mfululizo haufundishi sikio. Miguu ikitoka yote chini, umechelewa.

Ansel Adams, Mmarekani aliyesifika kwa picha za milima, alisomea piano tangu ana miaka 12. Alifananisha negativu (filamu iliyokwisha kupigwa) na noti zilizoandikwa, na kusafisha picha na kuupiga wenyewe muziki.

Dhana: Picha nzuri ya ngoma ni iliyoganda.

Kwa anayeruka, sawa: kasi ya shata 1/500, yaani sehemu hiyo ya sekunde. Mpiga ngoma ukimgandisha hivyo huonekana kaegesha mikono tu juu ya ngozi. Shuka hadi 1/30, lenzi pana ya 35 mm, viwiko vibane mbavuni, fokasi iwe usoni. Mikono ifutike, uso ubaki. Piga nyingi, maana kichwa nacho hucheza. Lenzi ya kuvuta ya 85 mm kwa kasi hiyo hutikisa picha nzima. Na jua la saa saba halikubali 1/30: hata kwa ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kupokea mwanga) na f/16 (tundu dogo la lenzi) picha inaungua kwa mwanga. Ingia chini ya mwembe, au ngoja jioni.

Jukwaani, taa za LED zikichora michirizi, zima shata ya kimya (ya kielektroniki) ujaribu 1/50 au 1/100, kwani taa hupepesa kwa kufuata umeme, na umeme wetu ni wa 50 Hz, mawimbi 50 kwa sekunde.

Dhana: Kazi huanza ngoma ikilia.

Picha tunazozipenda zaidi hupatikana kabla. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi, hivyo wapigaji huwasha moto wa makuti, wakaielekeza ngoma kwenye joto, wakigonga kwa kidole na kuinamisha sikio. Aliyekulia hapo husikia ngozi inavyokaza, sauti ikipanda, na anajua lini mzee atatabasamu. Anzia f/2, ISO 3200, 1/125, upime mwanga usoni. Ukipima kwenye moto, uso utatoka mweusi tii.

Dhana: Kumbukumbu hizi hazina soko.

Zikibaki kichwani, hazina. Andika sauti 10 za utotoni, na mkabala wa kila moja kitu kinachoonekana: matari ya maulidi, vidole vilivyosugulika; taarabu ya harusini, noti iliyokunjwa ikienda kutuzwa. Chagua moja, irudie wiki kadhaa, ubakize picha 12. Mwenye harusi au tamasha akiziona, anajua anamwajiri mtu wa namna gani.

Dhana: Mwenyeji hupiga chochote.

Ya unyagoni hayapigwi picha. Mwali siku ya kutolewa, muulize kungwi na wazazi kwanza, kamera ikiwa bado mfukoni.