Juzuu la manga ya mashujaa: ni nini, na linamshikaje msomaji

Juzuu la manga, yaani katuni za Kijapani, ambalo Wajapani huliita tankobon, ni kitabu kidogo cha jalada laini chenye kurasa 200 hivi. Ndani yake kuna sura ambazo tayari zimetoka moja moja kwenye jarida. Mfano mzuri ni Weekly Shonen Jump, jarida la kampuni ya Shueisha lililoanzishwa mwaka 1968. Kila wiki linachapisha sura mpya za hadithi nyingi tofauti, kila sura ikiwa na kurasa zinazokaribia 20, kwenye karatasi duni ambayo mtu akishaisoma huitupa. Sura za hadithi moja zikifika tisa au kumi, zinakusanywa na kuchapishwa upya kwenye karatasi nzuri. Hapo mchoraji hupata nafasi ya kurekebisha michoro iliyoharakishwa na kuongeza kurasa za maelezo kuhusu wahusika. Hilo ndilo juzuu, na ndilo msomaji hulitunza rafuni.

Asili hiyo ya jarida inaeleza mambo mengi. Shonen Jump imejulikana kwa kadi za maoni, ambazo wasomaji hutumia kutaja hadithi tatu walizozipenda katika toleo. Hadithi isiyopendwa hukatishwa bila kusubiri. Kwa hiyo mchoraji hujifunza kufunga kila sura mahali ambapo msomaji hataweza kutulia hadi wiki ijayo: ngumi imerushwa haijafika, mlango umefunguliwa hatujaona aliyesimama nyuma yake. Kwenye jarida, huo ni mateso ya siku saba. Kwenye juzuu, unafunua ukurasa na unaendelea. Pigano lililochukua miezi miwili kuchapishwa unalimaliza kwa kikao kimoja, na pale sura zilipokuwa zinakatikia sasa pamekuwa pa kuvuta pumzi tu.

Sasa upande wa mashujaa. Shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida tuliyemzoea ametoka Marekani, kuanzia Superman wa mwaka 1938. Katuni zake kwa kawaida ni vitabu vyembamba vya rangi, na mhusika ni mali ya kampuni. Waandishi wanakuja na kuondoka, yeye anabaki, na hata akifa msomaji anajua atarudishwa. Manga nyingi hazifanyi hivyo. Hadithi ina mwenye nayo mmoja, anayeianza na kuimaliza, hata kama ana wasaidizi wa kumchorea majengo na kujaza wino. Kwa sababu hadithi ina mwisho, shujaa anaweza kuzeeka, anaweza kuishiwa nguvu, na akipoteza kitu amekipoteza kweli. Kwangu hiki ndicho kiini cha mvuto wote: kila ngumi ina gharama yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni juzuu la 11 la My Hero Academia ya Kohei Horikoshi, lililotoka Japani mwaka 2016. Hadithi nzima ilichapishwa kuanzia 2014 hadi 2024 na kujaza majuzuu 42. Katika dunia yake, asilimia 80 hivi ya watu huzaliwa na uwezo wa ajabu, na ushujaa ni kazi ya leseni kama ilivyo udaktari au urubani. Izuku Midoriya alizaliwa bila uwezo wowote. Anarithishwa nguvu na All Might, shujaa namba moja wa nchi. Siri ya All Might ni kwamba amejeruhiwa vibaya miaka ya nyuma, mwili wake umekauka, na ule umbo la misuli wanaloliona watu anaweza kulishikilia kwa muda mfupi tu kila siku. Na muda huo unazidi kupungua.

Tazama anavyochorwa. Wahusika wengine wana mistari laini ya manga. All Might peke yake amejazwa wino mzito na vivuli vikali, kama ametoka kwenye katuni ya Kimarekani, na mapigo yake yana majina ya Marekani: Detroit Smash, Texas Smash. Horikoshi anaipenda asili ya mashujaa hao na haifichi. Kisha anamchukua mtu aliyechorwa kama shujaa asiyeisha na kumweka ndani ya aina ya hadithi ambamo kila kitu kina mwisho.

Juzuu la 11 linafungua pigano likiwa katikati, mtaa wa Kamino umeshageuka vifusi. All Might anakabiliana na All For One, adui aliyemjeruhi zamani. Midoriya na wenzake wapo karibu, wamekuja kumwokoa mwenzao Bakugo aliyetekwa. Hapa Horikoshi anafanya jambo ambalo wachoraji wengi wa hadithi za mapigano wangeliogopa: vijana hawapigani. Wanapanga namna ya kumchukua mwenzao na kutoroka, kwa sababu wakibaki All Might atalazimika kuwakinga. Uamuzi huo una msisimko kuliko ngumi kumi.

Kisha umbo la All Might linavunjika, na mwili wake uliokonda unaonekana kwenye televisheni nchi nzima. Adui anamchoma kwa maneno, akimfunulia kwamba kijana anayeongoza wahalifu ni mjukuu wa mwalimu wake aliyemlea. Nyuma yake yupo mwanamke aliyebanwa na kifusi, anamwomba asishindwe. Pigo la mwisho, United States of Smash, anaipata nguvu yake kwa kukusanya kidogo kilichobaki na kukihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine ili kumpumbaza adui. Baada ya hapo anaelekeza kidole kwenye kamera na kusema, “Sasa ni zamu yako.” Umati unashangilia, ukidhani anawaonya wahalifu waliosalia. Midoriya analia, kwa kuwa anajua maneno hayo ni yake.

Ukurasa unalifanyaje hilo lifanye kazi? Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mchoraji anajua kwamba usichoweza kukiona ni kile kilicho nyuma ya ukurasa unaoushika. Kwa hiyo maandalizi anayaweka kwenye visanduku vidogo vingi, jicho likikimbia: mguu unakanyaga, ngumi inakunjwa, uso wa anayetazama. Unapofunua, kurasa mbili nzima zimekuwa picha moja. Jicho lililokuwa linakimbia linasimama. Huo ndio mwendo katika kitabu ambacho hakuna kinachosogea ndani yake, na ndiyo maana idadi ya mapigo haina maana kubwa. Juzuu lenye picha kubwa kila ukurasa linachosha upesi, kwa sababu hakuna kilichokuandaa kusimama.

Mistari ya kasi husaidia pia. Kuna wakati mandhari yote hufutwa na kubaki mistari inayokimbilia sehemu moja, jicho likasukumwa huko bila kuulizwa. Na sauti zinachorwa kama sehemu ya picha, herufi zikipasuka au kuinama kufuata pigo. Msomaji wa Kiswahili hili halimpi taabu hata kidogo, maana tumekua na tanakali za sauti, mtu akianguka chubwi majini na pu mchangani. Katika matoleo mengi yaliyotafsiriwa, herufi za Kijapani huachwa pale pale na tafsiri ndogo ikawekwa kando, kwa sababu kuzifuta ni kufuta mchoro.

Kinachonifanya nilichague juzuu hili badala ya mengine yenye fujo zaidi ni nusu yake ya pili. Moshi umetulia, shule ya mashujaa anakosoma Midoriya inataka wanafunzi wahamie bwenini kwa usalama wao, na walimu wanapita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Mama yake Midoriya anakataa. Amemwona mwanawe akirudi na mifupa iliyovunjika mara nyingi, na sasa ameona kwenye televisheni mahali ambapo njia hiyo inafikia. All Might, mtu ambaye nchi nzima ilikuwa inamtegemea, anapiga magoti sakafuni mbele ya mama huyo na kumwomba. Hakuna ngumi hapo wala mistari ya kasi. Mama anatoa sharti moja: aishi, amlee na kumlinda mwanawe akiwa hai. Anayeyasoma mapigano ya Kamino bila kufika kwenye sebule hiyo amesoma nusu ya pigano.

Si kila manga ya mashujaa inapita njia hiyo. One-Punch Man, iliyoanza mtandaoni mwaka 2009 ikiandikwa na kuchorwa na mtu anayejiita ONE, kisha Yusuke Murata akaichora upya kuanzia 2012, ina shujaa Saitama ambaye humaliza karibu kila adui kwa ngumi moja. Msomaji hajiulizi kama atashinda. Anajiuliza atafika saa ngapi, na mashujaa wadogo watastahimili vipi hadi afike. Humo mzigo wa gharama wanaubeba wao, akiwemo mwendesha baiskeli asiye na uwezo wowote wa maana anayesimama mbele ya adui kwa sababu yupo hapo na hakuna mwingine. Michoro ya Murata ni ya kiwango cha juu sana, lakini ni mwendesha baiskeli huyo ninayemkumbuka.

Anayetaka kuanza asianze na juzuu la 11. Aanze na la kwanza, maana uzito wa Kamino umejengwa katika majuzuu kumi yaliyotangulia. Shueisha ina huduma ya Manga Plus, iliyozinduliwa 2019, inayotoa bure na kihalali sura za mwanzo na za hivi karibuni za hadithi zake nyingi, na inafunguka kwa simu ukiwa Afrika Mashariki. Ukisoma kwa simu, ukifika kwenye picha ya kurasa mbili ilaze simu ubavu. Ikigawanyika nusu kwa nusu kwenye kioo, pigo linapotea.