Besi mpya kaingia bendini, mwezi mzima nikawa namsikiliza mtu ambaye hayupo

Wadau mko poa? Kwa wageni, mi ni mpiga dramu, mwaka wa 19 huu nakaa nyuma ya watu naangalia migongo yao. Bendi yetu ni ya dansi, wikiendi tunapiga kwenye mabaa hapa Dar, harusi zikitokea tunamshukuru Mungu. Leo naongelea besi, ila sio gita lenyewe, mtu anayelishika.

Besi wetu wa miaka 11 kapata mkataba wa hotelini Muscat, kaaga Jumatatu, Alhamisi hayupo. Jumamosi tuna kazi. Sasa ukikosa gita la solo, wa gita la rizim anajitutumua na watu wanacheza, ukikosa saksafoni wengine hata hawashtuki, lakini ukikosa besi watu wanakaa na bia zao wanaangaliana tu, hawajui kimepungua nini ila miguu haiinuki. Tukaletewa dogo mmoja hivi, katokea kanisani, kapiga kwenye bendi ya kusifu na kuabudu tangu yuko sekondari, ana besi ya nyuzi tano inang'aa kuliko gari la mwenye baa. Na anajua, tusidanganyane, vidole vya dogo vinakimbia.

Tatizo likawa hapo hapo kwenye vidole. Kanisani kodi, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zinabadilika kila baada ya pumzi mbili, kwa hiyo besi ina kazi ya kuziunganisha, inazunguka, inapanda, inashuka, na muimbaji akimaliza mstari wewe una ruhusa ya kumwaga manjonjo mpaka waumini waseme amina. Kwenye dansi letu kodi ni tatu nne, zinazunguka dakika nane hizo hizo. Besi inasema neno lake, inanyamaza, na kwenye ule ukimya gita la rizim ndo linajibu. Ukijaza pale umemkata mwenzio kauli. Na usifikiri ukimya ni rahisi, ule nao una urefu wake, ukirudi mapema hata kidogo tu wimbo unajikwaa.

Mi mgeni wa besi huwa nampima na Sina Makosa ya Les Wanyika, wimbo ambao kila baa kuanzia Mombasa mpaka Mbeya utaombwa tu, utake usitake. Ile besi ya Tommy Malanga unaweza kuiimba peke yake bila gita lingine na mtu akajua ni wimbo gani, nyimbo zenye sifa hiyo ni chache sana. Dogo kapiga noti zote sawasawa kabisa, halafu kila penye nafasi kaongeza tatu za kwake. Mzee wetu muimbaji hakumaliza hata ubeti wa pili, kageuka taratibu na maiki mkononi, "Mwanangu, hebu mwache na mwenye gita naye aongee." Dogo akasema sawa baba, akapunguza. Akabakiza mbili.

Kitu kingine, nyimbo zetu alizisomea kwenye simu. Tulimtumia rekodi za shoo WhatsApp, akakaa nazo siku mbili, alivyokuja mazoezini kila kitu anapiga kule juu kwenye nyuzi nyembamba, mpaka wa rizim akauliza kama tumeongeza gita la tatu. Nikamuuliza ulisikilizia wapi? Spika ya simu. Basi nikaelewa. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, ukiupiga mtupu unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na huo wa tano wa dogo, B, ni kama 31. Kispika cha simu cha upana wa kucha kitasukuma hewa gani kutoa sauti nzito hivyo? Hakiwezi, kinakutolea zile sauti za juu juu zinazoambatana na noti na kule chini hakuna kitu, kwa hiyo dogo alikuwa anaiga kile alichosikia, hana kosa. Kama unamtumia mtu nyimbo ajifunze besi mwambie avae hedfoni, na huo uzi wa tano kwenye amplifaya ndogo za baa uguse kwa adabu maana unavuma kama lori linapanda Kitonga, noti yenyewe haijulikani ni ipi.

Ila kuna kitu kimoja kilinifanya nimpende mapema. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata hatujapeana majina vizuri, alikuja kusimama upande wa haihati yangu, yale matasa mawili yanayogongana, akawa anaangalia mguu. Wengi wanaangalia mikono, mikono ndo ina mbwembwe, lakini mguu wa kulia ndo unapiga lile dramu kubwa la chini na besi inatakiwa itue nalo pamoja, ikiwezekana usijue ni ngozi au uzi. Nikajiambia huyu hata kama anamwaga maneno, ana masikio.

Sasa kasheshe. Wiki ya pili nyimbo zikaanza kukimbia. Tunaanza wimbo vizuri, tukifika kwenye chemko, kile kipande cha watu kucheza, tuko mbio, muimbaji anakosa pumzi, wachezaji wanalalamika, na wote wakamuangalia dogo, kwamba huyu wa kanisani anatukimbiza. Na mi nilisema hivyo, tena kwa sauti. Sijivunii.

Nikarekodi mazoezi, nikakaa nyumbani na programu ya kuhesabu mapigo. Wimbo mmoja tumeanza mapigo 104 kwa dakika, tumemaliza 116. Nikarudia kusikiliza na hedfoni, kipande kwa kipande, na anayetangulia ni mguu wangu. Dogo anafuata. Kila mara.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Yule wa Muscat alikuwa na tabia ya kutua nyuma kidogo, noti yake inachelewa unywele tu, ndo maana muziki wetu ulikuwa unasikika kama mtu anatembea ameshiba. Na mi kwa miaka 11 bila kujua nikawa nasukuma mbele kumvuta, yeye ananishika shati nyuma, ngoma inatulia katikati. Dogo anatua palepale kwenye pigo, hashiki mtu shati, kwa hiyo nikisukuma hakuna wa kunizuia, tunaondoka wote. Yaani nilikuwa napiga na mtu ambaye kashapanda ndege.

Mdogo wangu anayesikiliza roki akanikumbusha habari ya bendi ya Metallica ya Marekani. Besi wao Cliff Burton alikufa kwenye ajali ya basi Sweden mwaka 1986, wakamchukua Jason Newsted, albamu iliyofuata ya 1988 besi yake huisikii kabisa, mpaka leo mashabiki wao wanabishana ilikuwaje. Sisi hatukumshusha dogo sauti kwenye mixa, ile mashine ya kupangia sauti, lakini masikioni mwetu tulishamshusha zamani.

Tukafanya hivi. Mazoezi mawili mi na dogo tu, bila magita, bila muimbaji, taa imezimwa ili aache kuangalia mguu na mi niache kuangalia uso wake. Wimbo mmoja wa taratibu, nusu saa. Nikamwambia piga noti mbili kwa kila mzunguko, ukiongeza ya tatu unanunua soda. Kanunua soda nne siku ya kwanza. Ya pili moja, na hiyo moja kwa kweli ilikuwa tamu nikamsamehe, ndo tunaitumia sasa kuingilia kwenye chemko. Na mi nikajifunza kukaa, mguu unauma kwa kukaa jamani, miaka yote hiyo sikujua kama nasukuma.

Juzi yule wa Muscat kapiga simu, salamu salamu, kisha akauliza kwa ile sauti ya kujifanya hajali, "Huyo kijana vipi, anaiweza?" Nikamtumia video ya Jumamosi. Baada ya dakika tano kajibu, "Mbona simsikii?"

Nikamwandikia, kaka, vaa hedfoni.