Korija ya Mkemia: Kuisoma Moli Kwenye Tanuu la Chokaa

Kila ninapokaa kusahihisha kemia ya kidato cha tano, kuna jibu moja huwa nalingoja, nalo halikosi kuja. Swali lenyewe ni jepesi: gramu 250 za kalsiamu kabonati safi, yaani jiwe la chokaa, zimechomwa mpaka zikaiva zote; zitabaki gramu ngapi za kalsiamu oksaidi, yaani chokaa yenyewe? Mwanafunzi anaandika mlinganyo bila kosa, CaCO₃ → CaO + CO₂, anaona moja imezaa moja, kisha anajibu: gramu 250. Hajiulizi hiyo hewa ya ukaa iliyoruka imetoka wapi, ikiwa jiwe halikupungua hata chembe.

Huyo si mvivu wala si mjinga. Amechanganya idadi na uzito, na kwa kuwa moli, kipimo cha kuhesabia chembe, hufundishwa mapema, kila kinachofuata anakijenga juu ya msingi uliopinda: hesabu za myeyusho, gesi, nishati, mpaka msawazo. Wazazi huniambia mtoto "ameshindwa kemia". Mara nyingi ameshindwa kitu kimoja tu, hicho hicho.

Waliokulia pwani wana kipimo kinachosaidia hapa, nacho ni korija. Miti ya mikoko huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Korija ya fito kijana huibeba begani. Korija ya boriti inataka mkokoteni. Idadi ni ileile, uzito ni mbali kabisa, na hakuna muuzaji atakayekubali umlipe boriti kwa bei ya fito eti kwa sababu zote ni ishirini. Moli ni korija ya mkemia. Badala ya 20, yeye huhesabu 6.02214076 × 10²³, namba iliyowekwa rasmi hivyo kuanzia tarehe 20 Mei 2019. Kabla ya hapo moli ilifasiliwa kwa kutumia gramu 12 za kaboni-12. Tunaiita namba ya Avogadro, ingawa Mwitaliano huyo, aliyetoa hoja yake juu ya gesi mwaka 1811, hakuwahi kuihesabu. Jina hilo lilipendekezwa na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909.

Sasa turudi kwenye jiwe. Moli moja ya kalsiamu ni gramu 40, ya kaboni 12, ya oksijeni 16 mara tatu: korija moja ya kemia ya jiwe hili ina gramu 100. Ikichomwa, inabaki korija moja ya kalsiamu oksaidi yenye gramu 56, na inaruka korija moja ya hewa ya ukaa yenye gramu 44. Korija moja imezaa korija moja na moja. Gramu 100 zimegawanyika 56 na 44. Gramu 250 ni moli mbili na nusu, kwa hiyo jibu ni gramu 140. Mskoti Joseph Black, katika miaka ya 1750, aliifuata hewa hii kwa mizani tu: alipima kabla ya kuchoma, akapima baada ya kuchoma, akatambua kuwa kilichopotea kilikuwa hewa ya aina yake, iliyokuwa imefungwa ndani ya kitu kigumu.

Ninapenda kufundishia chokaa kwa sababu jiwe hilo moja linabeba karibu nusu ya muhtasari wa masomo. Fundi wa tanuu hupanga magogo, akaweka mawe ya matumbawe juu, akawasha. Joto linalotakiwa liko karibu nyuzi 900 za Selsiasi, na kila moli ya jiwe hunyonya kilojuli 178 hivi ili iachane na hewa yake. Kuni zote zile zinalipa deni hilo, na nyingine nyingi zinapasha upepo bure. (Mikoko na matumbawe vimelipia chokaa yetu kwa karne nyingi, na leo hatuna sababu ya kuendelea kuvimaliza. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Hapo kwenye tanuu pana mambo mawili ambayo wanafunzi huyavuruga kila mwaka: kasi na msawazo. Fundi hupasua mawe makubwa kabla ya kuyapanga. Akiliacha jiwe kubwa kama kichwa, nje litaiva na ndani litabaki na kiini kigumu. Kupasua kunaongeza eneo la kupokea moto, basi kazi inakwisha upesi. Hiyo ni kasi. Haibadilishi hata kidogo kiasi cha chokaa ambacho jiwe hilo lingetoa kama lingepewa muda wa kutosha.

Msawazo ni jambo jingine. Chukua jiwe hilohilo, lifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa, lipashe. Hewa ya ukaa itatoka, itajaa, na shinikizo lake litapanda mpaka kila molekuli inayotoka kwenye jiwe ilipwe na nyingine inayorudi kushikamana na oksaidi. Ukitazama utadhani kila kitu kimesimama. Hakuna kilichosimama, kutoka na kurudi vinakwenda kwa kasi moja. Tanuu la wazi halifiki hapo kamwe, kwa sababu upepo unaiondoa hewa hiyo kabla haijarudi, na mmenyuko unalazimika kusonga mbele hadi jiwe liishe. Kanuni hii ya mfumo kujirekebisha unaposukumwa ilitolewa na Henry Le Chatelier mwaka 1884, na si ajabu: mtu huyo alikuwa akichunguza saruji na chokaa.

Baada ya kuchoma huja kuzimua, na hapa nawaomba wasomaji wa nyumbani wasiruke mistari. Ukiimwagia maji chokaa iliyotoka motoni, inafoka, inapasuka, inatoa mvuke. Kila moli hutoa kilojuli 65 hivi, na maji yaliyomo yanaweza kuchemka. Gramu 56 hushika gramu 18 za maji na kuwa gramu 74 za kalsiamu haidroksaidi. Hii ni besi kali: maji yaliyoshiba chokaa yana pH, kipimo cha ukali wa asidi na besi, inayopita 12. Ikiingia jichoni, usisubiri wala usitafute dawa ya kienyeji. Osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali. Watoto wasikae karibu na shimo la kuzimulia.

Ukishaipiga ukutani, kazi inageuka. Chokaa huanza kunyonya hewa ya ukaa kutoka angani: gramu 74 hupokea gramu 44, hurudisha gramu 18 za maji, na kubaki gramu 100 zilezile tulizoanza nazo. Kuta za Mji Mkongwe na za Lamu zilikauka na kuwa jiwe kwa njia hiyo, polepole, kutoka nje kwenda ndani. Mwanafunzi akipewa mzunguko huu mzima, 100 kwa 56, kwa 74, kwa 100, akaambiwa ahakikishe kila hatua, mara nyingi hahitaji kukaririshwa tena.

Nikiwa na dakika kumi zilizobaki darasani, huwapa hesabu hii. Fundi amepima kilo 50 za matumbawe, akayachoma yote yakaiva, akapima tena: kilo 30.2. Jiwe lake lilikuwa safi kiasi gani? Zimepotea kilo 19.8, zote tukizihesabu kuwa hewa ya ukaa. Kila kilo 44 zilizoruka zilitoka kwenye kilo 100 za kabonati, kwa hiyo alikuwa na kilo 45 za kabonati: asilimia 90. Zilizobaki ni mchanga na takataka nyingine. Kuna sharti moja ambalo wengi husahau: mawe yakauke kabla ya kupimwa mara ya kwanza, maana maji ya mvua nayo huruka motoni, na mizani itayasoma kama hewa ya ukaa.